Herufi Ndogo Mguuni mwa Rili

ZUHURA: Haya, Kombo, za Berlin? Nakuona kwenye kamera umetandika magazeti mezani kama mtu anayetaka kupara samaki.

KOMBO: Njema, dada Zuhura. Samaki hakuna, kuna grisi tu. Nimefungua rili mbili kuukuu na mikono ndiyo hii, itazame.

ZUHURA: Wengine wetu tumelelewa na mshipi wa mkono, ndoana na chubwi, basi. Marehemu babu yangu pale Tanga hakuwahi kugusa rili. Tuelezee kwanza.

KOMBO: Ni kile kidude kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia. Unazungusha mkono wake, mshipi unajikunja kwenye bobini. Ndiyo, bobini kama ya cherehani, ila kubwa. Wajerumani wamezitengeneza miaka mingi. Jina utakalokutana nalo zaidi ni D.A.M., kampuni iliyoanzia hapa hapa Berlin mwaka 1875, ya ukoo wa Ziegenspeck. Wana kijiko chao cha kunasia samaki kinaitwa Effzett. Unajua maana yake?

ZUHURA: Hata kidogo.

KOMBO: Ni F na Z, zikitamkwa Kijerumani. Fritz Ziegenspeck. Mzee kaweka jina lake mdomoni mwa samaki.

ZUHURA: (anacheka) Haya, na hiyo ya kulia? Maana nasikia ndiyo iliyokutia hasara.

KOMBO: Acha tu. Jumapili moja nimekwenda soko la vitu vikuukuu. Muuzaji, mzee mmoja mwenye maneno laini, ananiambia: "Hii ya kabla ya vita, ilikuwa ya afisa." Nikaishika, nzito, rangi imechunika vizuri, nikajiona nimeokota dhahabu. Euro 60. Nimefika nyumbani, nageuza mguu wake, yaani kile kibati kinachokaa kwenye fimbo, nasoma: D.B.P.

ZUHURA: Ndiyo nini?

KOMBO: Deutsches Bundespatent. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya Jamhuri ya Shirikisho, Ujerumani Magharibi. Sasa jamhuri hiyo imezaliwa Mei 1949, na ofisi ya hataza ya Munich ilifungua milango Oktoba mwaka huo huo.

ZUHURA: Kwa hiyo afisa wako alikwenda vitani na rili ambayo nchi yake haijazaliwa.

KOMBO: Ndivyo nilivyouziwa. Na kosa si la mzee peke yake, ni langu pia. Niliangalia rangi, sikuangalia herufi. Chuma kikilala bafuni miaka miwili kinazeeka. Herufi hazizeeki.

ZUHURA: Basi tufundishe hizo herufi, tusije tukauziwa na sisi.

KOMBO: Kabla ya 1945 nchi ilikuwa Reich, dola. Ukiona D.R.P., ni hataza ya dola hiyo. Namba moja kabisa ilitolewa Julai 1877, kwa Johannes Zeltner wa Nuremberg, kwa rangi, wala si kwa chombo cha uvuvi. Halafu kuna D.R.G.M., ambayo kwenye rili utaiona zaidi. Huu ni usajili wa ubunifu mdogo mdogo, kama kibonyezo kipya au breki ya aina yake. Ulianza 1891. Ulikuwa rahisi kupata, hawakukagua kama kitu ni kipya kweli, na ulinzi wake ulikuwa miaka mitatu, ukilipia tena unafika sita.

ZUHURA: Sita tu? Kwa hiyo nikipata namba ya mwaka fulani, rili ni ya ndani ya miaka sita hiyo.

KOMBO: Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Namba inakuambia rili haiwezi kuwa ya zamani kuliko hapo. Haikuambii imetengenezwa lini. Kiwanda kikishachonga muhuri wake wa chuma hakiutupi kwa sababu karatasi imeisha muda. Wanaendelea kugonga tu, pengine miaka kumi mbele.

ZUHURA: Kama duka lenye kibao cha baba mtu, na baba mwenyewe alishakufa.

KOMBO: Ee, kama hivyo. Sasa baada ya vita nchi imegawanywa. Bavaria ilikuwa chini ya Wamarekani, kwa hiyo vitu vya huko vya miaka ya mwisho ya 1940 vinaandikwa "Germany, U.S. Zone". Ukiikuta hiyo, shangilia, maana dirisha lake ni dogo mno. Baadaye inakuja "Western Germany", halafu "West Germany", mpaka 1990 nchi zilipoungana.

ZUHURA: Na ile "Made in Germany" tupu?

KOMBO: Hiyo ndiyo kigeugeu. Chanzo chake ni sheria ya Waingereza ya 1887. Walitaka mnunuzi wao ajue hiki cha kigeni, akikwepe. Mjerumani akaigeuza kuwa sifa! Sasa imegongwa kabla ya vita, viwanda vingi vya Magharibi vikaendelea nayo hata wakati nchi imekatwa mbili, na leo bado ipo. Peke yake haikusaidii. Hata Mashariki waliitumia mwanzoni, kabla DDR na GDR, herufi za jina la Ujerumani Mashariki kwa Kijerumani na Kiingereza, hazijashika. Huko Mashariki tafuta VEB, maana yake kiwanda cha umma.

ZUHURA: Na kama herufi zimefutika?

KOMBO: Hapo unaangalia mwili. Tazama huu upinde wa waya, ule unaopeleka mshipi kwenye bobini. Hapa kwangu umezunguka kamili, kutoka upande hadi upande. Rili nyingi za zamani zina nusu upinde, kama kidole kilichokunjwa. Kampuni ya Hardy ya Uingereza ilikuwa na hataza ya upinde kamili toka miaka ya 1930, na ilipoisha miaka ya 1950 kila mtu akaingia. Hilo nalo lingenipa shaka pale sokoni, kama ningekuwa na akili timamu asubuhi ile.

ZUHURA: Ulikuwa umekunywa chai?

KOMBO: Sikunywa. Halafu gia. Ngoja nikusogezee kamera. Unaona hii skrubu nene ya chuma, na hili gurudumu la shaba lenye meno ya mshazari? D.A.M. walizitumia hizi kwenye rili zao za Quick za miaka ya 1960 na 1970, zile zenye namba kama 110, 220, 330. Inazunguka kimya kama maji ya mtungini. Ila grisi yake ikikauka, ni ukoko wa wali chini ya sufuria. Nimeikwangua kwa kijiti na mafuta ya taa saa nzima.

ZUHURA: Kwa kijiti? Si uchukue bisibisi umalize.

KOMBO: Bisibisi inakwaruza, dada. Halafu angalia skrubu za kifuniko: mbili ni za mkato mmoja, ya tatu ina alama ya nyota. Hiyo ya tatu ni mgeni, fundi mwingine kapita. Sanduku nalo ni ushahidi. Namba ya posta ya tarakimu nne Ujerumani Magharibi ilianza 1961, ya tarakimu tano 1993. Sanduku lenye tarakimu tano halikutoka na rili ya miaka ya 1950, hata muuzaji aape.

ZUHURA: Haya, ya kushoto sasa. Hiyo ndogo ya mbao.

KOMBO: Hii haina jina popote. Mbao na shaba ya njano, kishikio cheusi. Kwanza kishikio: nakisugua kwa dole gumba mpaka kipate joto, nanusa… harufu kali ya dawa ya hospitali. Bakelaiti, plastiki ya zamani. Ya kisasa hainuki hivyo.

ZUHURA: Chini kumeandikwa nini?

KOMBO: Kuna uchafu. Ngoja nipige mswaki. D.R… D.R.G.M., na namba.

ZUHURA: Yenye tarakimu ngapi?

KOMBO: Moja, mbili… saba.

ZUHURA: Na saba ni nini?

KOMBO: Usajili ulipita milioni moja kuelekea mwisho wa miaka ya 1920. Kwa hiyo si ya zamani kuliko hapo. Na dola yenyewe imeanguka 1945.

ZUHURA: Kwa hiyo hii ndogo huenda ndiyo ya kabla ya vita, au ya wakati wa vita kabisa! Uliinunua bei gani?

KOMBO: Euro 5. Ilikuwa kwenye ndoo ya koleo zenye kutu, meza ya yule yule mzee. Hata hakuitazama.

ZUHURA: Subhanallah! Usiisugue tena, Kombo. Weka mswaki chini. Kombo, nakuona!