Jumba lile lilipatikanaje? Mazungumzo na wazazi wa Chake Chake kuhusu filamu ya Saltburn

Assalaam alaykum wazazi wetu, akina mama na akina baba.

Tumeitana kwa ajili ya filamu moja, Saltburn, ya mwongozaji Mwingereza Emerald Fennell. Ilitoka Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikaingia Prime Video, huduma ya kutazama filamu kwa mtandao. Wengi wenu hamjaiona, lakini watoto wenu huenda wanaijua kwa vipande. Mwanzoni mwa 2024 TikTok ilijaa watu wakicheza chumba hadi chumba ndani ya majumba yao ya fahari, kwa wimbo wa mwaka 2001 uliotumika mwishoni mwa filamu.

Sasa sikilizeni kilichoachwa nje. Katika filamu anayecheza yu uchi kabisa, na jumba si la kwao. Kalipata kwa hadaa na kwa kuua. Mtoto aliyeona kile kipande peke yake anabaki na jumba na furaha tu. Njia iliyomfikisha yule mtu pale hakuiona. Hilo linanitia hofu kuliko uchi wenyewe, na uchi umo.

Kisa kinaanza 2006, Chuo Kikuu cha Oxford. Oliver, ndiye yule anayecheza mwishoni, kaingia kwa ufadhili. Anajisogeza kwa Felix, kijana wa ukoo uliozaliwa ukakuta kila kitu kipo. Anamwambia kwao ni dhiki na dawa za kulevya, baba kafariki. Felix anaingiwa na huruma, anamchukua kwao, kwenye jumba lile, likizo nzima. Siku ya kuzaliwa ya Oliver ikifika, Felix anataka kumfanyia hisani: anampakia garini, bila kumwambia waendako, mpaka mlangoni kwa mama yake. Baba yu hai. Mama mzima. Nyumba nadhifu, ya watu wasiokosa kitu. Mtazameni Oliver uso wake pale.

Picha yenyewe imefinywa, karibu mraba, kipimo cha 1.33 kwa 1, ukawa kama unachungulia dirishani kwa watu. Imepigwa kwa ufundi mkubwa, na ndiyo maana inavuta: jicho linafundishwa kutamani kabla akili haijauliza.

Kuhusu umri. Uingereza imepewa 15, maana yake mwenye miaka 14 haingii sinema hata akiwa na baba yake. Marekani imepewa R: aliye chini ya miaka 17 anaingia akifuatana na mzazi au mlezi. Basi R msiifasiri kuwa marufuku. Mimi nasema chini ya 18 asiione, na mkubwa wa hapo msikae naye sebuleni mkaitazama pamoja. Itawavunjia heshima nyote. Mzazi aione peke yake, dakika zote 131.

Tena msitegemee masikio. Mambo mazito kabisa, la bafuni, la kaburini na ile ngoma ya mwisho, yanapita karibu bila maneno. Mama aliye jikoni anasikia maji, kilio, muziki, basi. Na flashi inayotoka kwenye kibanda cha muvi haina alama ya umri. Ikiwa imetafsiriwa, sauti ya mtafsiri inafunika maneno. Picha inabaki vile vile. Ikiwa fupi sana kuliko dakika 131, kuna mtu kaikata, na hakukata kwa kipimo chako.

Prime Video ina namba ya siri ya kuzuia filamu kwa umri. Ukishaiweka kwenye TV, shika na simu, jaribu kuifungua filamu hii hii. Wengi huishia kwenye TV, mtoto akaitazama chumbani kwa simu.

Kumnyang'anya simu hakusaidii, atatazama ya mwenzake skuli. Na ukianza mazungumzo kwa uchi, atainamisha kichwa na hutapata neno. Anza na wazazi waliokanwa. Mtoto wa Pemba anajua uzito wa radhi za wazazi; hapo huhitaji kumfafanulia. Mhadithie kisa kwa dakika tano, kama nilivyokihadithia, kisha muulize: kwa nini aliona haya kuwa na wazazi wazima? Jumba lile lilipatikanaje? Nani alikuwa akilisafisha? Swali la mwisho lina faida, kwa sababu watumishi wamo humo mchana na usiku, wamesimama nyuma ya viti, na mtazamaji huwasahau upesi. Muulize moja, unyamaze. Akijibu kwa neno moja, liachie hapo, urudi kesho yake mkiwa mnafanya kazi ya mikono, mnakuna nazi au mnachambua mchele. Vijana husema zaidi wasipotazamwa usoni.

Mwenye akaunti ya TikTok mkononi aifungue sasa, aingie kwenye mipangilio. Tunaanza na pale panapounganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto.