Nani Aliruhusiwa Kudai Dhahabu?

Mabibi na mabwana, leo nazungumzia haki ya mwenye noti kuipeleka benki na kudai dhahabu. Tuanze na uzito. Mwaka 1644 Sweden ilitoa sarafu ya shaba ya daler 10, daler ikiwa fedha ya huko. Lilikuwa bamba la karibu kilo 20! Ukiwa na deni kubwa, ulilazimika kukodi mkokoteni kwenda kulilipa. Kwa hiyo mwaka 1661, Johan Palmstruch alipoanza kutoa noti katika benki yake ya Stockholm, watu walizichangamkia. Noti ilikuwa stakabadhi: ulete, upewe chuma chako. Mtasema shaba si dhahabu. Sawa, lakini mchezo ni ule ule.

Palmstruch akatoa noti nyingi kuliko sarafu alizokuwa nazo. Wenye noti walipoanza kumiminika, benki ikashindwa kuwalipa, na mwaka 1668 akahukumiwa.

Alilohukumiwa yeye, serikali zilikuja kulihalalisha. Benki Kuu ya Uingereza ilisimamisha malipo ya dhahabu mwaka 1797, wakati wa vita na Ufaransa, hadi 1821. Sheria ya 1844 nayo iliruhusu noti za pauni milioni 14 zisizo na dhahabu nyuma yake. Kwa hiyo anayewaambia kwamba zamani kila noti ilikuwa na dhahabu yake imekaa inaisubiri, anawapigia hadithi.

Swali langu mimi ni hili: nani hasa aliruhusiwa kudai? Uingereza iliporudia kubadilisha noti kwa dhahabu mwaka 1925, Benki Kuu iliuza mikuo tu, yaani vipande vizito vya dhahabu, kila mmoja wakia 400 hivi. Thamani yake ilikuwa takriban pauni 1,700. Kibarua wa bandarini angezitoa wapi? Na mwaka 1931 hata mlango huo ukafungwa.

Marekani ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1933 wananchi waliamriwa kusalimisha dhahabu yao kwa dola 20.67 kwa wakia, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha bei hadi dola 35. Waliotii walipunjwa, sioni neno jingine. Baada ya makubaliano ya mataifa kuhusu fedha, yaliyofikiwa Bretton Woods, Marekani, mwaka 1944, walioweza kubadilisha dola kwa bei hiyo ya 35 ni serikali na benki kuu za nje, mpaka Rais Nixon alipositisha tarehe 15 Agosti 1971.

Raia wa Marekani alibaki na noti za madini ya fedha, zilizoandikwa kwamba mwenye nazo atalipwa akidai. Mwisho wa kudai ulikuwa 24 Juni 1968. Ukiwa nayo ya dola moja leo, bado ni halali kwa dola moja, ila ya karatasi.