Benchi la Kwanza: Kimo Kinaanzia Kiganjani

ZUHURA: Haya, tumerudi. Mimi ni Zuhura, na mwenzangu Kasimu leo kaja na daftari. Mistari mitupu.

KASIMU: Nimechora benchi langu la kwanza la useremala, dada, la kufanyia kazi. Urefu mita 2 na nusu, upana sentimita 80, kimo sentimita 95. Usicheke.

ZUHURA: Sicheki. Vipimo umevitoa wapi?

KASIMU: Niliona benchi la fundi mmoja, likanipendeza.

ZUHURA: Fundi mwenyewe mrefu?

KASIMU: Ananipita kichwa kizima.

ZUHURA: Sasa wewe unataka kuvaa suruali yake. Simama hapo. Shusha mikono, usijikaze. Kunja kiganja kama unakilaza mezani. Kutoka sakafuni mpaka kiganjani ni ngapi?

KASIMU: Ngoja, futi inaniteleza… 82.

ZUHURA: Anzia hapo, kama kazi yako kubwa ni kupiga randa, yaani kulainisha mbao. Randa inasukumwa kwa miguu na kiuno. Benchi likiwa chini kidogo, mwili wote unaegemea kazi. Likipanda, unabaki kusukuma kwa mabega. Langu la kwanza lilikuwa sentimita 96. Nilipiga randa mbao nne jioni moja, asubuhi yake mkono haupandi hata kuchana nywele. Nikalilaza ubavu, nikakata sentimita 9 kila mguu. Mguu mmoja ukazidi kukatwa.

KASIMU: Likawa linacheza.

ZUHURA: Miezi kadhaa, limewekewa kabari chini. Ndiyo maana nakwambia, ukiwa na shaka acha miguu mirefu kidogo. Kupunguza utaweza.

KASIMU: Lakini mimi napenda viungo vidogo vidogo, vya masanduku. Nikikata kwa msumeno kwenye sentimita 82 si nitapinda mgongo?

ZUHURA: Utapinda, kweli. Kazi ya jicho inataka kuwa juu, karibu na kiwiko. Benchi moja haliwezi kuwa chini na juu kwa wakati mmoja. Weka la randa, kisha tengeneza kijibenchi cha kuweka juu yake, sentimita 15 hivi, ukikibana hakiendi popote.

KASIMU: Sawa. Upana je? 80 naipenda, inabeba vitu.

ZUHURA: Inabeba uchafu! Nyosha mkono uone kama utafika ukingo wa pili bila kulalia benchi. Hicho cha nyuma ambacho hukifikii kitajaa vikopo vya gundi na kikombe cha chai. 55 mpaka 60 inatosha. Urefu upime kwa ubao unaoushika mara nyingi, pamoja na nafasi uliyonayo. Wewe wa masanduku, mita 1.8 ni nyingi tayari.

KASIMU: Na unene? Nilifikiria ubao wa sentimita 3.

ZUHURA: Huo utadunda kila ukigonga patasi. Chukua mbao za milimita 45 kwa 95, zisimamishe kwa ubavu, uziunganishe kwa gundi. Ukipanga 13 unapata milimita 585. Ukizinyoosha kwa randa kabla ya gundi, utabaki na 560 na kitu. Gundisha 6 peke yake, 7 peke yake, halafu uunge vipande viwili. Zote kwa mara moja, gundi itakauka bado unahangaika na vibano.

KASIMU: Uzito wake?

ZUHURA: Kwa msonobari mkavu, kama kilo 45, juu tu, bila miguu. Na unauhitaji. Benchi jepesi litakufuata kila ukisukuma randa.

KASIMU: Miguu nimeirudisha ndani kidogo, kama meza ya kulia.

ZUHURA: Futa. Miguu ya mbele iwe sawasawa na ukingo wa mbele. Ukitaka kupiga randa ukingo wa mlango, unausimamisha ukagusa benchi na miguu, unaubana. Mguu ukiingia ndani, mlango unaning'inia. Na kabla hujatoboa chochote, jiriwa, kile kifaa cha kubania mbao kwenye benchi, iwe mkononi mwako. Wewe unatumia kulia, basi jiriwa ya mbele ikae mwisho wa kushoto. Lakini ina mwili chini, na mwili huo unagombana na mguu.

KASIMU: Kwa hiyo jiriwa kwanza, mguu baadaye.

ZUHURA: Na matundu ya vigingi, vile vya kuuzuia ubao juu ya benchi, ni hivyo hivyo. Kama utaweka jiriwa ya mwishoni, ile inayobana ubao uliolala, nafasi kati ya tundu na tundu iwe ndogo kuliko jiriwa inavyofunguka. Ikifunguka sentimita 12 na matundu umeyaachanisha 20, kuna mbao hutaweza kuzibana kamwe. Mimi naacha 10, na chini nisikute mguu wala boriti.

KASIMU: Naandika. Kimo 82, toa unene wa juu 9, miguu 73. Kesho nakata.

ZUHURA: Subiri. Ulipopima sasa hivi ulivaa nini?

KASIMU: Kandambili.

ZUHURA: Na ukiwa kazini?

KASIMU: Buti. Soli yake kama sentimita 3.

ZUHURA: Futa hiyo 73. Nenda kavae buti, tupime tena.