Goti Linalouma Usiku: Mhadhara kwa Walimu wa Michezo, Matroni na Wazazi

Walimu wangu, matroni na mapatroni, wazazi mliofunga shughuli zenu mkaja, wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za asubuhi. Mwalimu aliyenialika alinisihi nisije na picha za kutisha, maana baada ya hapa kuna chai. Nimeziacha nyumbani. Tutazungumza tu.

Mada ya sarkoma, saratani ya mifupa na nyama za mwili, huwa naitoa kwa matabibu na wauguzi. Leo nimefurahi kuitoa kwenu, kwa sababu daktari humwona mtoto akishaletwa. Anayemwona akichechemea kutoka bwenini kwenda bwaloni ni matroni. Anayegundua kwamba winga wake hakanyagi sawasawa tangu mazoezi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, yaanze ni mwalimu wa michezo. Ninyi mko mbele yangu kwa wiki nyingi, na katika ugonjwa huu wiki zina thamani.

Saratani nyingi mnazozisikia, ya matiti, ya shingo ya kizazi, ya tezi dume, ya koo, huanzia kwenye tezi au kwenye utando unaofunika viungo. Sarkoma huanzia kwenye vile vinavyoushikilia mwili: mifupa, gegedu, misuli, mafuta, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu. Ziko aina zaidi ya 70, na sitawachosha kwa kuzitaja. Kwa watu wazima sarkoma ni kama asilimia 1 tu ya saratani zote. Kwa watoto na vijana sehemu yake ni kubwa zaidi, ndiyo maana niko shuleni leo na siko kwenye kijiwe cha wazee.

Uchache huo ndio unaotuponza. Tabibu wa zahanati anaona malaria, vidonda, mafua na majeraha ya pikipiki kila siku ya Mungu. Akiletewa goti lililovimba, akili yake inakwenda kwenye kile anachokijua. Simlaumu. Ila mtu mwingine lazima awe anahesabu siku.

Nianze na mfupa, na hapo nitakaa sana. Saratani ya mfupa inayowapata zaidi vijana inaitwa osteosarkoma. Hupenda umri wa miaka 10 hadi 20, wakati mtoto anarefuka haraka, na hupenda pale mfupa unaporefukia: mwisho wa chini wa mfupa wa paja, juu kidogo ya goti, mwanzo wa mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti, kisha juu ya mkono karibu na bega. Kwa hiyo ni ugonjwa wa goti kuliko kitu kingine, na wenye magoti yenye matatizo ni hao hao wanaocheza mpira. Hapo ndipo mambo yanapochanganyika.

Karibu kila kijana aliyewahi kukaa mbele yangu na uvimbe wa goti alikuja na hadithi ya kuanguka. Aligongwa na mpira, aliteleza bafuni, alidondoka kwenye mwembe. Na hadithi zenyewe ni za kweli. Kijana gani hajaanguka mwezi huu? Lakini kuanguka hakuleti saratani. Kunachofanya ni kumfanya mtu aushike mguu, aone kitu ambacho kilikuwa kimeshaanza, kisha kuanguka kukapewa lawama yote. Familia ikishapata sababu, haitafuti nyingine.

Yupo kijana mmoja ambaye habari zake zinajulikana duniani, kwa hiyo naweza kumtaja bila kuvunja siri ya mgonjwa. Terry Fox, Mkanada, mchezaji wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu. Novemba 1976 alipata ajali ya gari, akatoka na goti la kulia linalouma. Maumivu yakaendelea. Aliyavumilia ili amalize msimu wa mashindano, akidhani ni gegedu limeumia. Machi 1977 maumivu yalimzidi, akaenda hospitali, na kilichokutwa kilikuwa osteosarkoma. Mguu ukakatwa juu ya goti akiwa na miaka 18. Mwaka 1980 alianza kukimbia kuivuka Kanada kwa mguu wa bandia kuchangisha fedha za utafiti, siku 143, kilomita 5,373, mpaka saratani iliyofika mapafuni ikamsimamisha. Alifariki Juni 1981, miaka 22. Watu humkumbuka kwa mbio, na wana haki. Mimi kama daktari wa mifupa naitazama zaidi ile miezi kati ya Novemba na Machi. Kila mwalimu hapa ana kijana wa namna hiyo, yule anayesema "niko poa, mwalimu" kwa sababu fainali ni Jumamosi.

Basi mtofautishe vipi? Goti lililoteguka huuma zaidi siku za mwanzo, halafu linapoa. Ukilipumzisha linashukuru. Baada ya wiki mbili tatu mtoto amesahau. Maumivu ya sarkoma yanakwenda kinyume. Mwanzoni huja na kuondoka, kwa hiyo humdanganya kila mtu. Kisha yanazidi, hayajali kama mtoto amecheza au amelala, na usiku ndiyo hupata nguvu. Matroni, mtoto anayeamka usiku kwa mguu ule ule, mahali pale pale, anayeomba panado kila jioni, huyo msimwandike mdekaji.

Kuna maumivu ya kukua, na wazazi huyataja haraka. Hayo yapo kweli. Huwa kwa watoto wadogo zaidi, huuma miguu yote miwili, mara nyingi jioni, na asubuhi mtoto anakimbia kama kawaida. Hayavimbishi. Hayamfanyi mtu achechemee. Upande mmoja tu, pamoja na uvimbe au kuchechemea, hayo si ya kukua.

Mtoto mwenye selimundu ni mtihani wa peke yake, na kwetu wako wengi. Mifupa yake imezoea kuuma, na sote tumezoea kumsikia. Yeye na mama yake wanajua maumivu yake ya kawaida yanavyokuja na yanavyokwisha. Wakikuambia haya siyo yale, wasikilize. Vivyo hivyo kuna usaha wa mfupa, ambao huja na homa na mguu wa moto, na kuna kifua kikuu cha mfupa. Vyote vinafanana na sarkoma kwa nje, na aina moja ya sarkoma, ile ya Ewing, inaweza hata kuleta homa. Habari njema ni kwamba ninyi hamhitaji kuvitofautisha. Vyote njia yake ni moja: hospitali, picha.

Na dalili ya mwisho ya mfupa, ambayo huja kwa kuchelewa: kuvunjika kwa kitu kidogo. Kijana amejikwaa kizingitini na paja limevunjika. Mfupa mzima hauvunjiki hivyo. Kabla ya kumfunga hogo, yaani plasta, muulizeni kama paja hilo lilikuwa linauma kabla.

Sasa tutoke kwenye mfupa tuje kwenye nyama. Hapa hata ninyi walimu na wazazi mjishike wenyewe, kwa sababu sarkoma za nyama huwapata zaidi watu wazima. Vivimbe vingi vya mwili ni vya mafuta na havina neno: viko chini tu ya ngozi, ni laini, ukivisukuma vinatembea, vimekaa miaka ukubwa ule ule. Tunachokiogopa ni uvimbe unaokua. Au ulio ndani zaidi, umeshikana na msuli. Au uliozidi sentimita 5, yaani ukubwa wa ndimu kubwa. Au uliotolewa ukarudi pale pale. Na mnisikilize vizuri hapa: sarkoma ya nyama mara nyingi haiumi. Watu husema, "hauniumi, kwa nini nihangaike?" Kutouma si cheti. Uvimbe kwenye paja unaweza kufikia ukubwa wa kutisha bila kuuma hata siku moja, kwa kuwa paja lina nafasi. Tumboni nafasi ni kubwa zaidi, na huko mtu huona tu suruali zinambana huku uso unakonda.

Eneo letu la Afrika Mashariki lina sarkoma yake iliyo ya kawaida kuliko zote nilizotaja, ile ya Kaposi. Daktari Moritz Kaposi aliieleza Vienna mwaka 1872, kwa wazee. Huku kwetu ilikuwepo kabla ya UKIMWI, lakini UKIMWI uliifanya iwe nyingi na kali. Mwaka 1994 kikapatikana kirusi kinachoisababisha, cha jamii ya malengelenge. Huanza kama mabaka au vinundu kwenye ngozi, mara nyingi miguuni. Vitabu vya wenzetu husema ni vya zambarau. Kwenye ngozi nyeusi mtaona weusi uliokolea au kahawia, haviwashi, haviumi. Mguu unaweza kuvimba ukawa mgumu. Mwangalieni mtu mdomoni pia, kwenye kaakaa. Mwenye mabaka hayo apime VVU bila kuchelewa, na kama tayari yuko kwenye dawa, akaonwe hata hivyo. Kwa wengi, ARV peke yake hurudisha nyuma hatua za mwanzo.

Kwa watoto wadogo nitapita haraka: jicho linalosukumwa nje, uvimbe usiokwisha puani au sikioni, mkojo unaogoma kutoka, nyama inayochungulia ukeni kwa mtoto wa kike au damu isiyo na maelezo. Na taya linalovimba. Hilo la taya, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliliandika akiwa Kampala mwaka 1958 akidhani ni sarkoma. Baadaye ikathibitika ni saratani ya mfumo wa kinga, limfoma, inayosikia dawa vizuri sana. Hukua ndani ya siku chache. Mtoto wa namna hiyo haendi kung'olewa jino kwanza.

Tukishashuku, tufanye nini? Kwa mfupa, eksirei ya kawaida, ile iliyoko hospitali ya wilaya. Ombeni ichukue mfupa mzima na pande mbili. Mtoto akisema goti, nyonga nayo iangaliwe, maana ugonjwa wa nyonga huweza kulia gotini. Picha ikiwa safi na maumivu yakaendelea, picha hiyo haijamaliza kesi, arudi. Kwa uvimbe wa nyama, altrasaundi ndiyo mwanzo.

Kisha kuna jambo ninalolisema kwa msisitizo hata nikionekana mkali: uvimbe usikatwe kabla ya picha. Mtu anaona jipu, anapasua, hakuna usaha, inatoka nyama na damu. Pale ambapo kisu kimepita, seli za saratani huweza kusambaa, na atakayekuja kumtibu itabidi aondoe nyama nyingi zaidi. Kuchukua kinyama kwa kipimo kunafaa kupangwa na timu itakayofanya upasuaji wenyewe. Kwa hapa Tanzania hiyo inamaanisha rufaa kwenye hospitali kubwa: Muhimbili na MOI, taasisi yake ya mifupa, Ocean Road, KCMC, Bugando.

Najua mnachosikia mitaani kuhusu rufaa hiyo: "Huko wanakata miguu." Sitawaficha, tunakata. Tunakata zaidi wale wanaofika baada ya miezi ya kuchuliwa na kuchanjwa chale, uvimbe umepasuka, vidonda vimeoza, ugonjwa umeshameza mishipa. Anayewahi ana nafasi ya kubaki na mguu wake. Na kabla ya miaka ya 1970, kukata peke yake kuliokoa kama mmoja kati ya watano wenye osteosarkoma; dawa za saratani zilipoongezwa kabla na baada ya upasuaji, nchi zenye vifaa zikaanza kuponya zaidi ya nusu ya wale ambao ugonjwa haujafika mapafuni. Mzazi anayetaka kwenda kwa bibi wa kuchua sibishani naye. Namwomba picha kwanza. Bibi hataondoka.

Maswali yalikuwa mengi, nitayagusa mawili.

Mwalimu mmoja ameuliza kama awatoe watoto mazoezini kwa kila goti linalouma. Hapana, utabaki na makocha peke yao uwanjani. Lililoteguka lipe wiki mbili, tatu. Lisipopoa, au likivimba, au likiamsha mtu usiku, mtoto apumzike na apate magongo mpaka picha ipatikane, kwa sababu mfupa wenye ugonjwa ukivunjika mechi inakuwa nyingine kabisa. Likiwa limeshavimba bila sababu, hata hizo wiki mbili usizisubiri.

Matroni ameuliza aandike nini kwenye karatasi ya kumpeleka hospitali, maana akiandika "anaumwa mguu" mtoto anarudi na panado. Swali zuri kuliko mhadhara wangu. Andika tarehe maumivu yalipoanza, siyo "muda mrefu". Andika ni mguu upi na sehemu gani. Andika kama anaamka usiku, mara ngapi kwa wiki. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa magoti yote mawili, andika namba zote mbili na tarehe, rudia wiki inayofuata. Andika dawa alizokwisha kupewa na ni mara ya ngapi anakuja kwa tatizo hilo hilo. Chini kabisa andika, "Tunaomba eksirei." Na weka namba ya simu ya mzazi inayopatikana, kwa sababu majibu ya kinyama huchukua wiki, na yakitoka shule inaweza kuwa imefungwa.