Elgon Haupandwi kwa Haraka: Mhadhara kwa Waongozaji wa Wageni, Kisumu

Hamjambo nyote. Wengi wenu mnapeleka wageni Mlima Elgon au mnajiandaa kuanza kazi hiyo, kwa hiyo nitashika njia moja tu: kutoka Chorlim, lango la hifadhi, hadi kilele cha Koitobos, mita 4,222.

Kinachoharibu safari nyingi za Elgon ni barabara yenyewe. Ndani ya hifadhi kuna njia ya gari inayopanda hadi karibu mita 3,500. Mgeni anaondoka Kisumu alfajiri, mita 1,130 hivi, anapita Kakamega, Webuye, Kitale na Endebess, na kabla jua halijazama ameshushwa kwenye baridi ya nyanda za juu. Mwili haukupata nafasi ya kuzoea hewa nyepesi. Usiku kichwa kinamgonga, chakula hakishuki, anatapika, na asubuhi kikundi kizima kinageuza. Halafu mlima unalaumiwa, ilhali miteremko ya Elgon ni ya taratibu kabisa.

Kwa hiyo usiku wa kwanza laleni karibu na lango, na mchana huo muwapeleke wageni mapangoni. Siku ya pili pandeni kwa miguu pamoja na askari wa hifadhi hadi kama mita 3,000, kisha mrudi kulala chini. Siku ya tatu ndiyo ya kuhamia mwisho wa barabara, na ya nne ni ya kilele. Mwenye siku mbili pekee asiahidiwe Koitobos. Mpeni mapango na genge la Endebess, ambako nyanda zote za chini hufunguka mbele ya macho, na atarudi nyumbani ameridhika.

Mapango yanastahili siku nzima, hasa Kitum, linaloingia mlimani kiasi cha mita 200. Ndovu huingia humo usiku kutafuta chumvi. Mvua nyingi za Elgon huosha madini kwenye udongo, majani yanakosa sodiamu, lakini mwamba wa volkano bado unayo. Ndovu huuchokonoa kwa pembe, huvunja vipande na kuvisaga kwa magego. Waonyesheni wageni alama za pembe ukutani, kwa maana hayo ndiyo maajabu yenyewe, hata kama hawataona ndovu hata mmoja. Ndani kuna ufa mrefu uliowahi kuwameza ndovu wachanga, basi kila mtu awe na tochi yake na mtu asitangulie mbele ya askari. Mkikuta mavi mabichi mlangoni, subirini kwanza. Pango la Makingeny, lenye maporomoko ya maji yanayoanguka mbele ya mlango wake, halina umaarufu wa Kitum, ila kwa wapiga picha nadhani linalishinda.

Sasa popo. Watu wawili waliokuwa wamezuru Kitum, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, waliugua homa ya Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, wakafariki. Popo wa matunda wamethibitika kubeba virusi hivyo. Hili mgeni aambiwe kabla hajalipa, si akiwa tayari mlangoni pa pango. Anayeamua kuingia avae barakoa, glavu na mikono mirefu, asiguse kuta wala kinyesi cha popo, asile wala kunywa humo, na anawe kwa sabuni akitoka. Homa ikimpata ndani ya siku 21, amweleze daktari mara moja kwamba aliingia pangoni. Asiyetaka kuingia asishurutishwe. Mlango peke yake una mengi ya kutazama.

Mkipanda, msitu wa podo na miti mikubwa ya teki ya Elgon unapisha mianzi, mianzi inapisha vichaka vya nyanda za baridi, na juu ya mita 3,500 mnakuta lobelia na senesio kubwa kama miti. Senesio huacha majani yake makavu yaning'inie kwenye shina, nayo huukinga mti usiku wa barafu. Mpagazi akiyang'oa kuwasha moto, mti unabaki uchi na baridi inaweza kuuua. Bebeni jiko la gesi.

Kuhusu jiko: kwenye mita 3,500 maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi, kwa hiyo maharagwe makavu yatakula gesi yote na bado yabaki magumu. Githeri ichemshwe nyumbani, juu ipashwe tu. Chapati, mayai ya kuchemsha, njugu na uji haviwasumbui.

Joto hupungua nyuzi 6 au zaidi kidogo kila mnapopanda mita 1,000. Kati ya Kisumu na Koitobos tofauti ni karibu nyuzi 20, kabla hamjahesabu upepo. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, humgandisha mtu. Afadhali sweta ya sufu na koti la mvua. Desemba hadi Februari ndio wakati mkavu. Mvua zikianza, ule utelezi wa udongo huwashinda hata madereva wenye magari ya magurudumu manne.

Siku ya kilele ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka mwisho wa barabara ni saa tatu hadi nne za mwendo wa polepole, yaani mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza bila kuhema. Mwenye kichwa kinachouma asipande zaidi mpaka kipone. Mwambieni kila mmoja atembee kwenye mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole. Anayeyumba, anayechanganyikiwa, au anayehema akiwa ameketi ateremshwe papo hapo, hata kama ni usiku wa manane, angalau mita 500 kwenda chini. Hapo ile barabara inaokoa maisha, kwa hiyo dereva abaki kambini na gari likiwa na mafuta ya kutosha.

Bonde la kreta (shimo la volkano kileleni), chemchemi za maji moto za Suam na kilele cha Wagagai, mita 4,321, kilicho upande wa Uganda, vinahitaji siku za ziada na mipango ya mpakani kabla ya safari. Wageni wa Koitobos msiwaongezee hayo njiani kwa sababu tu hali ya hewa ni nzuri. Ikifika saa sita mchana hamjafika kileleni, geuzeni: alasiri mawingu hufunika njia, na askari hataweza kumwona mtu wa mwisho kwenye mstari.