Ugwe wa Upinde na Uzi wa Gitaa

Asanteni kwa kuja, ndugu zangu, tusikilize wimbo wa roki nzito uliotokana na utenzi wa kale. Nianze na mwanamume anayelia karamuni.

Yumo katika kitabu cha 8 cha Odyssey, utenzi wa Homer wa Ugiriki ya kale. Bahari imemtupa ugenini Odysseus, shujaa anayerudi kwao kutoka vita vya Troya, na wenyeji hawajamjua jina. Analetwa malenga kipofu, Demodocus. Anawekewa kiti kwenye nguzo, kinubi kinatundikwa kigingini juu ya kichwa chake, kisha anaonyeshwa jinsi ya kukifikia kwa mkono. Anaimba habari za vita hivyo. Mgeni anavuta joho lake la zambarau na kujifunika uso, watu wasione machozi.

Kila nikifika hapo huweka kitabu chini. Homer mwenyewe anatuonyesha jinsi utenzi ulivyowafikia watu: kwa sauti na nyuzi. Sisi tuliokua tukisikia tenzi zikighaniwa tunalielewa hilo upesi. Kuisoma kimya ile mishororo zaidi ya 12,000 ni mazoea yaliyokuja baadaye.

Ndiyo maana naiheshimu sana kazi ya Symphony X, bendi ya progresivu metali, aina ya roki nzito, kutoka New Jersey, Marekani. Mwaka 2002 walitoa albamu iitwayo The Odyssey. Si albamu nzima inayosimulia kisa hiki; ni wimbo uliobeba jina hilo, wa dakika 24, wenye sehemu 7. Okestra mnayoisikia mwanzoni aliipanga mpiga gitaa Michael Romeo kwa vinanda vya kielektroniki. Na mwimbaji wao Russell Allen anaimba kwa nafsi ya kwanza, “mimi”. Wamepatia kabisa, kwa sababu kuanzia kitabu cha 9 hadi cha 12 Odysseus ndiye anayejisimulia.

Jambo moja lilinisumbua kwa muda mrefu. Homer hushika kipimo kimoja, mapigo sita kwa kila mshororo, tangu mwanzo hadi mwisho, kama utenzi wetu unavyoshika mizani 8. Metali ya aina hii hubadilisha mapigo kila mara. Je, si kumharibu Homer? Siku hizi nasema hapana. Mghani hakuwa na mshororo tu. Alikuwa na pumzi, na uso, na sauti iliyopanda pale jitu la jicho moja linapowatafuna mabaharia. Yote hayo hayakuandikika. Bendi imeyarudisha kwa ngoma na gitaa.

Linaloniuma ni Penelope, mke wa Odysseus. Katika majina ya sehemu zote 7 hayumo, wala mwanawe Telemachus, ambaye Homer alimpa vitabu 4 vya mwanzo. Mwanamke aliyefuma sanda mchana na kuifumua usiku, miaka 3, kuwazuia wachumba, wanaume waliotaka kumwoa mumewe akiwa hayupo! Kisa chake kilistahili sehemu yake, hata ya kinanda kitupu.

Sehemu ya 7 ndiyo ya wachumba hao. Kabla hatujaisikiliza, shikeni picha hii ya kitabu cha 21. Odysseus anautia ugwe upinde wake bila taabu, kama mpiga kinubi anavyofunga uzi kwenye kigingi kipya. Kisha anaugusa ugwe kwa mkono wa kulia, nao unaimba vizuri, sauti ya mbayuwayu. Wachumba wanasawijika nyuso.

Fundi mitambo, tuwekee sasa. Sauti ipande.