Mada sio picha: mazungumzo na washona viraka wa Tanga

Asalaam aleikum jamani. Wakubwa zangu shikamooni, wengine mambo. Nimeambiwa nina dakika arobaini na nyie mnanijua nikianza kuongelea vitambaa, kwa hiyo mwenye chai yake anywe tu, tusisubiriane.

Leo tunaongelea chalenji. Sio hizi za kucheza kwenye simu, hapana, chalenji za viraka, zile mtu anatoa mada moja, anaweka kipimo na tarehe ya mwisho, halafu kila mmoja anakwenda kujifungia kwake na chereheni yake, siku ikifika kazi zote zinatundikwa ukutani kwa mpigo ndo mnaona nani kafikiria nini. Wenzetu Marekani na Uingereza wanazo miaka na miaka, kuanzia vikundi vya mtaani mpaka maonyesho makubwa kama lile la Houston na lile la Birmingham. Sisi hapa ndo kwanza tunazionja, na nimeona watu wawili watatu wamekaa pembeni wanasema hayo ni mambo ya mafundi, mimi nashona tu kujipumbaza. Basi mimi naongea na hao hao. Fundi wa Ngamiani mwenye sare za shule za watu zimejaa mpaka mlangoni huyo tumuache, hana muda wa mada.

Kwa mgeni aliyefuata shoga yake humu bila kujua anakuja kusikiliza nini: kwilti ni nguo ya tabaka tatu. Juu viraka vilivyoungwa, katikati kitu cha kujazia, chini kitambaa kizima, halafu unapitisha mshono unaoshika tabaka zote tatu. Basi. Mengine yote ni mbwembwe.

Nianze na kisa ambacho nakipenda sana maana kinawashusha watu presha. Mwaka 1933 kule Chicago kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia, mada yake Karne ya Maendeleo, kampuni ya Sears ikatangaza mashindano ya kwilti Marekani nzima. Zawadi ya kwanza dola 1,000, na juu yake kuna dola 200 za nyongeza kama kazi itakayoshinda imefuata ile mada ya maonyesho. Fikirieni, hicho ni kipindi cha mdororo wa uchumi, watu hawana kazi, dola 1,000 ni hela ya kubadilisha maisha. Zikaja kwilti karibu 25,000. Wanawake wakajipinda, kuna walioshona ndege, treni, magari, magorofa, karne nzima ya maendeleo kwenye nguo. Na nani alishinda? Nyota. Kwilti ya nyota za kizamani, mshono wake msafi mno, wala haihusiani na maendeleo yoyote. Ikaishia kupewa mke wa rais, Eleanor Roosevelt. Na kituko chenyewe ni kwamba yule mama aliyechukua zawadi, Margaret Rogers Caden wa Kentucky, baadae ilikuja kujulikana hakuweka hata shono moja, aliwalipa wanawake wengine wamshonee na ile hela kubwa ikabaki kwake.

Mnaguna eeh. Na mimi niligunaga hivyo hivyo. Lakini angalieni, leo wanaosoma historia ya kwilti wakienda kwenye mashindano yale, wanazozitafuta na kuzizungumzia ni zile za treni na magorofa, maana zile ndo zinakuonyesha mtu wa 1933 alikuwa anawaza nini. Ya nyota ni nzuri, haina ubishi, ila nyota ingeweza kushonwa miaka hamsini kabla. Kwa hiyo ukiingia chalenji ukiwa unawinda zawadi, shona nyota, nyoosha mishono yako, majaji wa kila mahali wanapenda mshono ulionyooka. Ukiingia kwa ajili ya mada, hiyo ni habari nyingine na ndo naitaka leo.

Mada sio picha. Hapa ndo wengi tunapotelea. Kamati ikisema "bahari" mtu anakimbia kuchora jahazi. Si mliona wenyewe ile ya kwetu ya bahari? Ukuta mzima majahazi! Tanga bwana, jahazi tunaliona mpaka kwenye vibao vya maduka, sa unanishonea jahazi la kumi na ngapi unataka niseme nini. Mimi kanuni yangu ni wazo la kwanza unalitupa, kwa sababu wazo la kwanza ni la watu wote. La pili mara nyingi nalo ni la jirani. Ukifika la tatu hapo kaa nalo.

Katika ile ya bahari kuna kazi mbili zilinikamata. Moja mwenzetu alikusanya mapindo ya kanga peke yake, hakuna mji, hakuna jina, mapindo tu ya kanga chakavu, akayaunga kwa mlalo, yaliyopauka juu, yaliyokolea chini, hakuna chombo wala samaki, na kila aliyepita alisimama akasema maji haya. Mi nilisogea karibu nikaona kitu kingine, kwamba pale kati ametia vitenge vya bei rahisi upande wa nyuma, ule uliofifia, uso umeangalia ndani. Yaani rangi ambayo kwenye duka hakuna, ila iko nyuma ya kitambaa ambacho unacho tayari. Mtu anakwenda kununua kitambaa cha bluu ya maji ya kina, na bluu yenyewe iko kabatini kaigeuza kichogo.

Ya pili ni ya silikanti. Hii nayo ni ya kwetu kabisa na bado hakuna aliyeifikiria ila mmoja. Samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu enzi za madinosaria, mpaka akanaswa Afrika Kusini mwaka 1938, halafu kuanzia 2003 wavuvi wa huku wakawa wanamtoa kwenye majarife mmoja baada ya mwingine mpaka serikali ikaanzisha hifadhi ya bahari kwa jina lake, 2009. Mapezi yake manene kama vimiguu, mwili wa bluu una madoa meupe. Mwenzetu alichukua poplini ya bluu nzito akadondoshea jiki kwa kijiti cha mshikaki, tone tone, doa likitokeza tu anaitumbukiza kwenye maji mengi. Hapo sikilizeni vizuri, usiache ikauke na jiki, inakula uzi, utashona leo mwezi wa tatu kitambaa kinatoboka chenyewe. Na ujaribu kwenye kipande kwanza maana kila rangi inapauka kwa jinsi yake, nyingine inatoka nyeupe, nyingine inatoka rangi ya chai ya maziwa. Halafu akakata mwili kama mapande makubwa makubwa, akapachika juu ya kitambaa cheusi. Ukimwangalia yule samaki unajua huyu mtu alikaa akawaza bahari ya Tanga ina nini ambacho nyingine haina, ndo akashika mkasi.

Masharti. Watu wanayalalamikia masharti, oo inchi 12 ndogo, oo kwa nini mnatulazimisha kitambaa fulani. Jamani, chalenji bila sharti ni kazi ya nyumbani isiyokwisha. Kule Marekani kuna kwilti ya kuwakumbuka waliokufa kwa ukimwi, kila jina kipande chake na kila kipande ni futi 3 kwa 6, basi, awe maarufu awe wa mtaani, futi 3 kwa 6, kiasi cha kaburi. Oktoba 1987 ilitandazwa Washington ikiwa na vipande 1,920. Kila aliyeshona alipewa eneo lile lile, mwingine katia shati, mwingine picha, mwingine jina tupu, na kwa sababu vipimo ni sawa macho yako hayahangaiki na ukubwa, yanakwenda moja kwa moja kwa mtu. Ndo kazi ya kipimo hiyo. Halafu kwa sisi wa hobi kipimo kidogo kina faida nyingine ya kawaida kabisa, kwamba unamaliza. Nani humu hana shuka la viraka alilolianza akalikunja likalala chini ya uvungu? Mikono juu. Ehee. Kipande cha inchi 12 hakilali uvunguni.

Sa nije kwenye kanga, maana najua kuna wakubwa humu roho zinawauma wakiona mkasi unapita kwenye kanga. Mwenzangu mmoja mama yake aligoma kula siku aliyomkuta anakata doti. Mimi nasema hivi, simulizi ya pwani yote inasema kanga yenyewe ilianzia kwenye kuunga, karne ya 19 wanawake walikuwa wananunua leso za mkononi zikiwa bado kwenye jora, hazijakatwa, wanakata tatu tatu, wanaunga pande mbili, wanapata nguo ya leso sita. Bibi zetu walishona viraka kabla yetu na wakapendeza nazo mjini. Kwa hiyo kata, ila kwa adabu. Kanga mpya fua kwanza, ina wanga, inachuja na inarudi, ukiiunga bila kufua halafu ukafua kwilti nzima, nyekundu itakwenda kukaa kwenye nyeupe na hapo hakuna sabuni. Na jina la kanga usilipoteze ovyo. Mada ikiwa "majirani" we una jina linasema maneno yako yote, unalikata nusu linabaki fumbo, mtu anakaa mbele ya kazi yako anajaribu kumalizia sentensi. Picha gani itakupa hiyo?

Kuna watu wanaitwa Masidi, wako India, jimbo la Karnataka na kwingineko, asili yao Afrika, wengi walipelekwa kama watumwa kupitia bahari hii hii. Wanawake zao wanashona viraka vinaitwa kawandi, kwa mkono, nguo kuukuu, na wao hawaanzi katikati kama wengi tunavyofanya, wanaanzia pembeni, kona moja, wanazunguka wanaingia ndani mpaka wafike katikati, na kazi haijaisha mpaka kona nne zipate maua madogo ya vitambaa vya kukunja. Hakuna kuchora kwanza wala kupima sana. Jaribuni chalenji moja kwa staili ile, mimi nimejaribu, mkono unakuwa mwepesi ajabu kwa sababu unapoanza hujui katikati kutakuwa na nini.

Kwa wale wa chereheni, neno moja tu la ufundi nisije nikaonekana mwanasiasa. Robo inchi. Ukingo wa mshono wa viraka ni robo inchi, tubandikeni kipande cha plasta kwenye chereheni pale kitambaa kinapogusa tusibahatishe. Ukiunga viraka tisa kwa mstari una mishono minane, kila mshono unakula pande mbili, ukizidisha milimita moja tu kila upande umepoteza milimita 16, ndo hapo mtu anasema kamati imempunja kipimo.

Nimeulizwa pale mlangoni, we bibi na joto hili la Tanga nani analala na kwilti. Swali zuri. Kwanza za chalenji nyingi ni za ukutani, hakuna anayelala nazo. Pili katikati sio lazima blanketi la polista, tieni kanga kuukuu mbili au shuka la flana la mitumba, inakuwa nyepesi na sindano inapita bila kulia. Tatu wana Lushoto wako hapo juu wanatetemeka mwezi wa saba, mtu akitaka kuuza apande gari.

Na kuhusu majaji, kwa maoni yangu kwenye kikundi kama hiki hatuwahitaji. Tutundike, kila mtu asimame dakika mbili aseme mada aliisikiaje, wengine waulize. Kura za siri zinaleta kununiana, nimeona kwa macho yangu watu hawasalimiani sokoni Mgandini kwa sababu ya mto wa kochi.

Haya, ya mwezi ujao. Mada ni reli, ile ya kwetu inayotoka hapa kwenda Korogwe mpaka Moshi, na nshasema, sitaki kuona ukuta mzima wa mabehewa. Inchi 12 kwa 12 ikishamalizika na pindo lake. Kitambaa cha lazima kiko kwenye ule mfuko wa mkonge pale mezani, nimevikunja visionekane, unaingiza mkono unachukua kimoja, unachopata ndo hicho hicho na lazima kionekane kwenye kazi, sio unakificha nyuma. Mkianzia mstari huu wa mbele. Dada wa kilemba cha njano, nakuona, umechukua viwili, rudisha kimoja.